Viti Sita vya Seremala

Kwa miaka yote niliyomjua, sikumwona Seremala amekaa kwenye kiti hata siku moja, na katika mtaa wetu wa kambi ya reli hapa Kamina yeye ndiye aliyekuwa na viti. Alikuwa navyo sita, vya mgongo mrefu, vimepakwa vanishi hadi unaweza kuhesabu meno yako ndani yake. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mikono, nacho kilikuwa cha mgeni mkubwa kuliko wote. Mwenyewe alikalia kipande cha taruma, ule mti mnene unaolazwa chini ya reli, alichokiweka kando ya mlango wake. Ukimwuliza kwa nini, alikutazama kana kwamba umemwuliza kwa nini halali juu ya paa.

"Kiti iko ya mugeni," alikuwa akisema kwa Kiswahili chetu cha Kamina, ambamo mimi ni minyi. "Minyi niko mugeni wa nani hapa kwangu?"

Jina alikuwa nalo, limeandikwa katika vitabu vya kampuni na vya kanisa, lakini sisi tulimwita Seremala, na hata mkewe alimwita hivyo alipomkasirikia. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli, akitengeneza viti vya mabehewa ya daraja la kwanza. Enzi hizo mtu mweusi hakusafiri daraja la kwanza. Seremala aliingia humo na nyundo akatoka na nyundo. Behewa moja lilipochakaa likavunjwa, mkuu wake wa kazi, Mbelgiji mwenye masharubu, alimruhusu achukue mbao zake. Alizibeba kichwani, safari baada ya safari, akajifungia nazo majuma mengi, na alipofungua mlango vile viti sita vilikuwa vimesimama. Sijaona watu wakijivunia kitu kisicho chao kama mtaa wetu ulivyojivunia viti vile.

Kukiwa na harusi, viti vilikwenda. Padri akija kubariki nyumba, vilikwenda. Mchungaji wa Waprotestanti akija, vilikwenda vilevile, ingawa Seremala alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili na kusinzia humo kila Jumapili. Wakati mmoja harusi za makanisa yote mawili ziliangukia Jumamosi moja. Akatoa viti viwili huku na viwili kule. Ugomvi ulipozuka juu ya kile cha mikono, alikifungia ndani, na pande zote mbili zikanuna sawasawa.

Hakumtoza mtu chochote, ila masharti yake yalikuwa mazito kuliko ya forodha. Mtoto asikalie. Chupa ya bia isiwekwe juu yake. Kirudi siku hiyohiyo kabla jua halijazama, kimepanguswa. Na sharti kubwa kuliko yote: mtu asiegemee nyuma hadi miguu ya mbele ikainuka. Kuhakikisha hayo alikuja mwenyewe kwenye kila sherehe, akasimama mlangoni, asimtazame bibi harusi wala bwana harusi, anatazama miguu ya viti tu.

"Weye kule," aliita katikati ya hotuba. "Kiti iko na miguu ine. Wacha yote itumike kazi."

Basi wageni walikaa wima kama watu wanaopigwa picha, na hawakukawia sana. Sisi tuliona ni adabu.

Alikuwa na ulimi mkali na mkono mpole, na vyote viwili ulivipata kwa pamoja. Mchochea moto wa gari-moshi, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alipoleta baiskeli mbovu nyumbani, Seremala alimtukana asubuhi nzima kwa kununua takataka, huku akiwa amepiga magoti chini akimtengenezea. Hakujua kusoma, lakini barua za watu alizipenda kupita kiasi. Alitaka asomewe, tena aanziwe mwishoni. Alisema ubao unajulikana kwenye ncha yake, na barua ni hivyohivyo: watu huweka salamu mbele ili wafiche tatizo nyuma.

Jingine lililotuchekesha: yeye aliyewaazimisha watu wote hakuazima kitu kwa mtu. Hata chumvi ikiisha nyumbani kwake, walikula bila chumvi. Alikuwa na methali yake mdomoni kila siku, ile isemayo nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku moja baba yangu akamtania mbele ya watu, "Na kiti ya kuazima, Seremala?"

"Kiti inasitiri," akajibu bila kufikiri. "Unaikalia."

Kicheko kile kilizunguka mtaa wiki nzima. Hatukujua kwamba siku ingekuja ya kumwona akimeza jibu lake mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa sababu.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa kule Elisabethville, nami nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari kwa mapadri na kupata nafasi. Nafasi peke yake haikunisaidia kitu. Baba yangu alikuwa akigeuza reli pale makutano, ili kila gari-moshi lishike njia yake, na tulikuwa watoto wanane. Njia yangu mimi ilikuwa moja tu, msaada wa masomo, ambao sisi sote tuliuita burse. Serikali iliwapa wale ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo. Bila burse ningebaki pale makutano na baba, nikiyatazama magari yakienda Elisabethville. Niliogopa jambo hilo kiasi cha kukosa usingizi, sioni aibu kulisema.

Tuliomba vijana watatu kutoka mtaa wetu: mimi, mtoto wa yule mchochea moto, na mtoto wa mjane aliyeuza unga sokoni, tuliyemwita mama wa bunga. Tukajaza karatasi, tukapeleka hati ya mshahara wa baba kwa aliyekuwa naye, hati ya ndoa, na idadi ya watoto. Kisha tukaambiwa kwamba Madamu wa anketi, yaani mama wa Kizungu aliyetumwa kuchunguza hali za familia, atapita nyumba kwa nyumba aone jinsi tunavyoishi.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa moyo safi. Mama yangu alitoka Mulongo, kwa wavuvi, ambako mgeni anapewa kichwa cha samaki hata kama wenyeji watalala na ugali mtupu. Kumwambia kwamba mgeni anakuja ni sawa na kumwambia afagie hadi barabarani. Hakulala. Alipaka kuta chokaa, akaazima kitambaa cha meza kwa mke wa katekista, akachinja kuku wetu wa pekee. Halafu, kama watu wote wa mtaa wangefanya, akaenda kwa Seremala. Mjane alikuwa amekwisha kwenda. Mke wa mchochea moto alikuwa njiani.

Seremala alifurahi kuliko sisi. Alivipaka viti vanishi upya. Siku ya kwanza, asubuhi, vilikwenda kwa mjane, na kwenye kile cha mikono msumari uliochungulia mguuni ukapasua soksi ya Madamu. Seremala, aliyekuwa mlangoni kama kawaida, alitamani ardhi immeze. Kwetu ilikuwa mchana wa siku ileile, hakuwa na muda wa kutengeneza, akaufunga ule mguu kwa kitambaa chekundu. Kwa mchochea moto ilikuwa kesho yake, na usiku kucha Seremala alikuwa ameung'oa msumari na kutia kipande cha mti mpya, cheupe, ambacho hakikuwahi kupata vanishi.

Madamu alikaa kwetu kama robo saa, akaandika, akashukuru, akaondoka. Mama alimsindikiza hadi kona ya barabara. Usiku ule tulikula mifupa ya kuku tukiwa na furaha.

Majibu yalifika siku moja, barua tatu zinazofanana. Nilimtafsiria mama ile barua ya kwetu: burse imekataliwa kwa sababu jamaa hii ina uwezo wa kutosha, nyumba ina samani nzuri. Kwanza mama alifurahi. "Baliona," akasema, akamtazama baba. "Baliona kama shiye tuko bantu," yaani waliona kwamba sisi ni watu wa maana. Ilimchukua muda kuelewa ni nini kimekataliwa. Alipoelewa aliketi sakafuni, palepale viti vilipokuwa vimesimama. Baba alivaa kofia yake ya kazi akaenda kazini, na zamu yake haikuwa imefika.

Mimi nilikwenda kwa Seremala, sijui kwa nini. Labda kwa sababu alipenda barua.

"Soma pa mwisho," akasema. Nikasoma. Akaniambia nirudie pale pa samani. Nikarudia mara tatu. Akaipitisha karatasi ile chini ya kidole gumba, polepole, kama anatafuta mahali pasipolainishwa.

"Basi si baba yako banakatala," akasema. "Ni kiti yangu."

"Apana, Tata, si weye," nilimwambia. Tata ni baba kwa Kiluba, na mzee yeyote tulimwita hivyo.

"Nyamaza. Kesho asubui tunaenda bureau. Lete bale benzako babili, na mama wa bunga, na muchochea moto. Weye beba kiti moja. Minyi nabeba ya mikono."

Kamina haijasahau asubuhi ile. Watu sita tulipita barabara kuu, kila mmoja na kiti kichwani, Seremala mbele, shati lake la kanisani limefungwa hadi koo. Pale sokoni watu walidhani kuna harusi ya mtu mkubwa, na kundi la akina mama likatufuata likitaka kumjua bibi harusi. Kwenye lango la ofisi ya Madamu mlinzi alitaka kutuzuia. Seremala alimwambia kwamba analeta viti, na kweli alikuwa analeta viti, basi mlinzi akafungua lango.

Watu weusi walisubiri nje, dirishani, wamesimama. Seremala alivipanga viti vyote sita mstari mmoja uani, kwenye jua, mbele ya dirisha la Madamu, na hakumruhusu mtu kukaa. Tukasimama nyuma yake. Dirisha moja lilifunguka, halafu la pili. Viti sita vinavyong'aa bila mtu juu yake ni kitu kinachosumbua macho. Haukupita muda Madamu akatoka mwenyewe.

"Madamu, jambo," Seremala akasema. "Unajua hii kiti?"

Alikitazama kile cha mikono. Alijua Kiswahili chetu vizuri. "Najua. Ni ya ule mama wa bunga. Beko na kiti sawasawa kwa bote. Minyi nilizania mulinunuaka kwa fundi moja."

"Angalia muguu."

Madamu akainama. Akagusa kile kipande cheupe.

"Hapa njo soksi yako ilipasukaka, kwa mama wa bunga," Seremala akasema. "Muchana yake, kwa huyu kijana, muguu ilikuwa na kitambaa nyekundu. Kesho yake, kwa muchochea moto, ilikuwa na muti mupya. Sivyo?"

"Njo vile," Madamu akakubali taratibu.

"Kiti iko moja, Madamu. Iko yangu. Minyi naazimishaka. Bale bantu habana hata kiti moja."

Nilimwona mjane akiinamisha kichwa, na mimi mwenyewe uso ulikuwa ukiwaka. Kusemewa umaskini wako hadharani, uani kwa Wazungu, si jambo dogo. Madamu alitutazama mmoja mmoja.

"Juu ya nini habakuniambia?"

"Madamu, kama mugeni anakuya kwako, unamukalisha chini juu ajue weye iko maskini?"

Madamu alikigusa tena kile kipande cheupe. Kisha akacheka, si kwa kutudharau, alijicheka yeye. Akasema orodha haijafungwa, atakuja tena kuona nyumba zote tatu, ila safari hii hatasema siku.

Mtihani mgumu ulikuwa huo sasa, na aliyeufanya hakuwa mimi, alikuwa mama. Kila siku aliamka akidhani ni leo. Siku ya nne alivunjika, akaenda kwa Seremala kuomba kiti kimoja tu cha mgeni kukalia. Nilikuwepo.

"Lolo," Seremala akamwita, yaani mama kwa Kiluba, ingawa Seremala alikuwa na umri wa kuwa baba yake. "Kiti iko. Lakini haitoke."

"Utaniua na haya," mama akasema.

"Haya haiue muntu. Mutoto yako kubakia hapa, njo itakuua."

Mama hakumsemesha kwa siku nyingi baada ya hapo. Wakati huohuo karani mmoja wa stesheni, ambaye mwanawe naye aliomba, alisikia habari hizi akaja jioni kwa Seremala na mkokoteni: redio, kabati la vioo, na makochi yake mawili, akiomba yafichwe kwake hadi Madamu apite. Seremala hata hakuinuka kwenye taruma lake. "Minyi naazimishaka bintu," akamwambia. "Sifichake bintu." Karani akarudi na mkokoteni wake, watu wakimsaidia kusukuma kwa furaha kubwa.

Madamu alikuja siku ya kufua. Maji yalikuwa yametapakaa uani, wadogo zangu watatu walikuwa uchi wakingoja nguo zao zikauke. Mama alisimama mlangoni mikono ina povu. Niliona macho yake yakizunguka nyumba nzima yakitafuta kitu cha kumkalisha mgeni. Hapakuwa na kitu. Akavuta sanduku la sabuni, akaligeuza, na kwa kuwa hakuweza kabisa kujizuia, akavua kitenge chake cha juu akalitandika.

"Karibu, Madamu. Hatuna kiti." Sijawahi kumsikia mama akisema maneno mazito kuliko hayo.

Madamu akaketi juu ya sanduku. Mama akampa karanga za kuchemsha, akala. Akaona mkeka tuliolalia watu watano. Akauliza, mama akajibu, hadi wakafika kwenye habari za samaki wa Mulongo na jinsi ya kuwakausha. Alikaa zaidi ya saa nzima. Alipoondoka mama alitazama kikapu cha karanga, akakuta maganda matupu. "Alikula," akatuambia, mara mbili.

Burse tulipata wote watatu. Barua ilipofika niliisoma kuanzia mwisho, kwa heshima ya Seremala, na kabla sijafika kwenye salamu mama alikuwa barabarani anapiga vigelegele hadi wafanyakazi wa karakana wakatoka kuona nani kazaa. Baba alikuja mbio kutoka makutano, akiwa ameshika kibendera chake cha kazi, akasimama katikati ya uwanja akilia waziwazi. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia, na sijawahi kufurahi vile tena. Seremala akavitoa viti vyote sita nje. Mjane akakaa, mchochea moto akakaa, watoto wakarundikana watatu watatu, mtu akaweka chupa ya bia juu ya kimoja. Baba alikalishwa kwenye kile cha mikono, na kibendera chake. Seremala alisimama kando, akatazama sharti baada ya sharti likivunjwa, asimkemee mtu. Mama alimpelekea sahani ya chakula kwa mikono miwili, akapiga goti. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao ya kwanza tangu siku aliyonyimwa kiti.

Nilirudi Kamina likizo kubwa ya mwaka wa kwanza. Kabla sijafungua sanduku langu nilikwenda kwake. Nilimkuta juu ya taruma, amekonda, miguu imevimba, kifua kinamkwaruza. Macho tu ndiyo yalikuwa yaleyale.

"Ulileta barua?" akauliza.

Nilikuwa nayo, karatasi ya matokeo. "Soma pa mwisho." Nikasoma: nimefaulu, nimeruhusiwa kuingia mwaka wa pili. Akaipokea, akaipitisha chini ya kidole gumba kutoka juu hadi chini. Hakupata pa kukwaruza. Akamwita mkewe alete kiti cha mikono.

"Kaa," akaniambia.

"Apana, Tata. Minyi mutoto wa hapa."

"Basi nani atakaa?"

"Weye. Hii kiti njo ilinipelekaka masomo. Leo minyi njo nakukaribisha."

Nilidhani atanitukana. Kisha akanyoosha mkono nimsaidie, akasimama, akakipangusa kiti kwa mkono wa shati lake, akageuka, akaketi. Akasogea kushoto. Akasogea kulia. Akaegemeza mgongo wake, akauondoa tena.

"Iko nguvu," akasema; kwetu nguvu ni ugumu.

"Nini, Tata?"

"Kiti. Iko nguvu sana. Na mugongo inasukuma muntu mbele." Akawaza, akahesabu kwa vidole. "Padri. Muchungaji. Bale bote ba ndoa. Miaka yote hii, na hakuna hata moja aliniambiaka."

"Ilikuwa heshima, Tata."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni kikohozi, kumbe alikuwa anacheka, anacheka hadi machozi yanamtoka.

"Sasa naelewa," akasema alipopata pumzi. "Ule Madamu alikaa humu mara tatu. Alisikia huruma ya bantu banakaaka hapa kila siku, njo aliwapa burse."

Nikamnyooshea mkono asimame arudi kwenye taruma lake. Akaukataa. Akashika mikono ya kiti chake, akaegemea nyuma taratibu, hadi miguu miwili ya mbele ikaacha ardhi.